Waraka wa Kuzuia Salamu Getini

Kuanzia Jumatatu, walinzi wote wa kampuni binafsi mjini Ujiji walipigwa marufuku kusalimia wakiwa kazini. Waraka ulifafanua kitaalamu kwamba salamu huzaa mazoea, mazoea huzaa uzembe, na uzembe ndio mama mzazi wa uhalifu mijini. Aliyeutia saini ni Bwana Elinipa, Afisa Udhibiti wa Walinzi, aliyehamishiwa huku mwaka jana na kuchoshwa mapema na watu wanaosalimiana robo saa.

Mzee Selestini, mlinzi wa geti la ofisi ya Bwana Elinipa mwenyewe, aliusoma akaumia. Kwa miaka kumi na mmoja salamu ndiyo ilikuwa rungu lake. Mtu akidai ametoka kijiji cha Simbo, aliulizwa habari za nyumbani, za mvua, za maharage, za shemeji. Mwenyeji hujibu mpaka mwisho. Mwizi hubabaika kwenye maharage. Lakini mazoea yana tabu. Jumanne salamu ilimtoka mdomoni, "Shikamoo, mama," akapewa onyo la kwanza. Jumatano, la pili. La tatu ni kufutiwa kibali cha ulinzi, naye ana watoto wanne shuleni.

Alhamisi mchana wakaja wanaume wawili wenye ovaroli. Waliingia kimya, wakatoka na kompyuta, jokofu na kiti cha kuzunguka cha Bwana Elinipa. Selestini alijua kabisa kwamba ni wezi. Akabana midomo, akawafungulia geti, maana mizigo ilikuwa mizito.

Bwana Elinipa alirudi kutoka kula samaki, migebuka ya ziwani.

"Uliwaona?"

"Niliwaona, bosi."

"Ukashindwa hata kuwauliza wanatoka wapi?"

"Huku kwetu, kumuuliza mtu anatoka wapi ni salamu tayari. Na mimi nina maonyo mawili."

"Kibali chako nakifuta leo hii."

"Sawa, bosi. Niandikie tu na kosa lenyewe."

Bwana Elinipa alishika kalamu, akafikiri sana. Kosa pekee lililoonekana lilikuwa waraka, waraka una saini yake, na mkuu wake alishausifu mbele ya kikao kizima. Kwa hiyo, kwa maslahi mapana ya usalama, alimwandikia Mzee Selestini barua ya pongezi kwa utii wa kupigiwa mfano. Aliiandika kwa mkono, akiwa amesimama.