Gari-Nyumba la Kumpeleka Proscovia

Jumatano, 6 Agosti 2025. Buteba.

Leo nimekuwa mwenye gari-nyumba! Lina kitanda, jiko na mapazia ya maua. Mtalii mmoja aliyelichoka ameniachia pale Busia kwa kubadilishana na fahali wangu. Jioni nimemwambia jirani yangu Proscovia, mjane mwenye heshima zake, kwamba Jumamosi nitampeleka Tororo kwenye harusi ya mpwa wake. Edimu, mfuga nguruwe wa hapa kijijini, naye alikuwa amejitolea kumpeleka. Kwa pikapu! Jana tu ilibeba nguruwe. Proscovia amesema atangoja aone. Maana yake amekubali.

Alhamisi, 7 Agosti.

Gari lina betri mbili: moja ya taa, nyingine ya kuwashia injini. Nimewasha taa zote ili Edimu azione. Kufika saa tatu usiku, betri ya taa imeisha. Nimehamishia nyaya kwenye ile nyingine. Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Nalala taa zikiwaka, redio ikiimba.

Ijumaa, 8 Agosti.

Nimezungusha ufunguo. Tik. Basi.

Edimu amepita na kusema, kwa upole unaoudhi, kwamba ana nyaya za kuazimia moto kutoka betri yake. Nimemjibu kwamba injini hii haijazoea betri ya nguruwe. Kesho litasukumwa. Nimewaalika wanaume wa kijiji kwenye mtungi wa ajono, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija na maji ya moto. Dada yangu Akiteng, mpishi wa pombe hiyo, ameshauri wasukume kwanza, wanywe baadaye. Hajui uongozi.

Jumamosi, 9 Agosti.

Wamekuja alfajiri na mirija yao mirefu. Kila pombe ilipopungua, Akiteng aliongeza maji ya moto, kwani mwenyeji hawezi kuwanyima wageni. Proscovia akafika amevaa gomesi mpya. Nikawasihi wainuke. Ecweru, mkubwa wao, hakutoa hata mrija mdomoni.

“Mzee Ecodu, mtungi bado iko na nguvu. Gari itangoja.”

Hatimaye waliinuka, wakiimba. Proscovia akaketi kitandani kama malkia. Walisukuma mpaka bondeni. Tik. Ecweru akachungulia miguuni pangu, akauliza klachi iko wapi. Haipo. Gia ni za otomatiki, na gari la namna hiyo haliwaki kwa kusukumwa. Mtalii hakusema. Sikuuliza.

Edimu akasimamisha pikapu. Ilikuwa imeoshwa.

“Mzee, kitanda ni kizuri,” Proscovia akaniambia akishuka. “Lakini mimi naenda harusini.”

Aliketi mbele, kando ya Edimu. Wasukumaji wangu wote wakapanda nyuma.

Jumapili, 10 Agosti. Bondeni.

Akiteng ameniletea chai na habari: Proscovia na Edimu walicheza ngoma mpaka jua likazama, na mwezi ujao Edimu atapeleka wazee kwao kumposa. Uvumi. Mimi niliona kwa macho yangu pikapu ikiondoka: Proscovia alinipungia mkono. Akiteng asema alikuwa akifukuza nzi.

Nimesikia kuna mtu kule Majanji, ziwani, anauza boti. Injini ni nzuri sana, ila haiwaki. Proscovia anapenda samaki. Kesho naenda.