Marehemu Wawili wa Banda la Kuku

Lombe Chisenga hakuwa mwizi, kwa kuwa mwizi hulazimika kuamka alfajiri. Yeye alifungua meza yake ya redio mbovu katika soko la Chisokone, mjini Kitwe, jua likiwa limekwisha kupanda, akaifunga njaa ilipomjia. Kati ya saa hizo mbili aliishi kwa ulimi. Jumanne hiyo ulimi wake ulikuwa mapumzikoni, naye akimtazama Mzungu mmoja mrefu aliyekumbatia sahani ya santuri iliyopasuka ukingoni, ambayo jirani wa meza ya Lombe, Bana Kapya, mama muuza betri, alikuwa akifunikia ndoo ya maji.

"Hiyo imekufa, bwana," Lombe akamwambia. "Unailetea rambirambi?"

"Inakwaruza," alijibu Mzungu, machozi yakimlenga.

Jina lake Torsten, mwenyeji wa Hamburg, na kazi yake ilikuwa kusaka roki iliyopigwa kwetu miaka ya sabini: ile ya magitaa yanayonguruma kama nyuki waliofungiwa katika debe, na nyimbo zinazomfanya msikilizaji aone rangi zisizokuwapo.

"Lakini hii wanayo wengi," aliendelea. "Natafuta kanda ya nyumbani, isiyowahi kutoka. Watu wawili, gitaa moja, ngoma moja, chumba kibaya. Sauti ikiwa mbovu zaidi, ndiyo ya kweli zaidi."

Lombe alikuwa ameishi miaka thelathini na mitano katikati ya sauti mbovu bila kujua kwamba alikuwa tajiri.

"Marehemu baba alikuwa na kundi la namna hiyo," akasema polepole. "Kanda yao ninayo mimi, mrithi wao."

Torsten akakunja uso. Alikuwa amesoma kitabu. "Kwa Wabemba mrithi si mwana. Ni mtoto wa dada wa marehemu."

"Baba namwita kwa heshima tu. Ni mjomba wangu. Wote wawili ni wajomba zangu."

"Wote wawili?"

"Ukoo wetu ni mpana, bwana."

Torsten akaahidi kwamba kanda ikipatikana, mrithi atapandishwa ndege hadi Hamburg, akawahutubie wapenzi wa muziki huo kwa niaba ya marehemu. Kabla jua halijatua Lombe alikwisha kuliaga soko zima, na meza yake akamkabidhi Bana Kapya mbele ya mashahidi.

"Na ukirudi je?" aliuliza Bana Kapya.

"Nirudi nifuate nini? Nitakuletea theluji kwenye kopo."

Basi asipopanda ndege hiyo, hakuwa tena na meza ya kukalia wala uso wa kupita nao sokoni. Kilichopungua ni kanda, na marehemu.

Katika mtaa wa Chimwemwe walikuwako wazee wawili. Wa kwanza, Ba Sunkutu, alikuwa mwendesha winchi mgodini, na sehemu kubwa ya usikivu wake aliiacha huko huko shimoni. Wa pili alikuwa Mwalimu Mkuu mstaafu, mtu aliyesifika kwa nukta, mkato na fimbo. Msomaji na aarifiwe mapema, asije akayasikia kwa wengine, kwamba Mwalimu Mkuu huyo ndiye mimi. Lakini kwa kuwa aliyoyatenda hayalingani na hadhi yangu, nitaendelea kumtaja kama mtu mwingine.

Mwaka 1974 wawili hao, katika suruali ambazo mguu mmoja ungetosha kuficha mbuzi, walipiga roki mara tatu katika baa ya wachimba migodi. Mara ya tatu wasikilizaji waliwaomba waache. Mwalimu Mkuu akaoa, akapewa shule, na tangu hapo kila mwanafunzi aliyekutwa akiimba upuuzi wa namna ile alichapwa sita.

Lombe alimwendea kofia mkononi. "Babu, idara ya kumbukumbu inataka sauti za wazee wenye adabu, na muziki wa ujana wao. Wamenituma mimi."

"Wamelitaja jina langu?"

"La kwanza kabisa."

"Wameliandika sawasawa?"

"Kwa herufi kubwa, babu."

Mtu aliyenasa uongo wa watoto elfu nne hakuunasa huu, maana ulikuwa umepakwa sifa. Wala hakushtuka mkewe alipompa Lombe picha yao ya ujana, huku akicheka kuliko ilivyostahili.

Walirekodia katika banda lake la kuku, kwa sababu kuta zake zilikuwa zimepigiliwa trei za mayai, nazo humeza mwangwi. Ba Sunkutu aliichana spika kwa wembe ili gitaa lingurume, kama walivyofanya zamani, kisha akaketi nyuma ya ndoo aliyoigeuza ngoma. Lombe aliweka kinasa sauti chenye betri ambazo Bana Kapya alikuwa amezitupa.

"Simama," alisema Mwalimu Mkuu. "Nimekosea ubeti wa pili."

"Usisimame, babu. Kosa hilo ni zuri."

"Hakuna kosa zuri. Nimefundisha miaka thelathini na minane."

"Anasemaje?" aliuliza Ba Sunkutu.

"Anasema tukosee."

"Mwambie kwa hilo hatuhitaji mwalimu."

Betri zikaanza kukata roho, kanda ikawa inajikokota. Kanda iliyorekodiwa ikijikokota, ukiipiga kwa mwendo wake sauti hupanda. Hivyo Mwalimu Mkuu alianza wimbo akiwa mwanamume wa makamo, na alipofika mwisho alikuwa binti wa miaka saba. Jogoo akaitikia. Lombe akaifukia kanda hiyo katika majivu kwa juma zima ili izeeke, kisha akampelekea Torsten.

Torsten aliisikiliza akiwa amesimama, halafu ameketi, halafu amelala sakafuni.

"Huyu mwanamke ni nani?" akanong'ona.

"Mjomba," alijibu Lombe.

Ila Torsten alikuwa na moyo mwema, na moyo mwema umeharibu mipango mingi. Bila kumwuliza Lombe, aliingia katika kanisa lililo jirani na nyumba yake ya wageni akaomba ibada ya kuwakumbuka marehemu, akaacha picha yao na karatasi ya habari alizosimuliwa na Lombe. Mchungaji akakubali, na usomaji akampa mzee wa kanisa mwenye sauti thabiti kuliko wote. Jumamosi asubuhi Lombe aliwasili katika suti nyeusi, akaketi kwenye kiti cha mrithi, akainua macho mimbarani. Hamburg ikasogea mbali kidogo.

"Tunawakumbuka ndugu wawili," alisoma Mwalimu Mkuu, "waliofariki mwaka 1978 kwa kupigwa na radi, wakiwa juu ya mti mmoja, wakituachia kanda moja tu ya roki." Akageuza karatasi. Ukutani, nyuma ya msomaji, palikuwa pamebandikwa picha ya vijana wawili wenye nywele kama viota.

Ba Sunkutu, aliyekuja kwa ajili ya chakula cha baada ya ibada, aliiona kutoka kiti cha mbele. Kiziwi hajui kunong'ona.

"Mwenzangu, ile suruali si yako?"

Katika safu ya tatu mke wa Mwalimu Mkuu alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Kanisa zima likatazama picha, likamtazama msomaji, likarudi kwenye picha.

"Mimi si marehemu," alisema Mwalimu Mkuu. "Na huyo anayeuliza si marehemu, ingawa hasikii." Kwa kuwa ukweli ukianzwa hauna budi kumalizwa, akaongeza: "Tena kanda hiyo ni ya mwezi wa tatu, mwaka huu, katika banda langu la kuku."

Torsten alimshika mikono yote miwili akilia. "Wanamuziki wakubwa wote huikana kazi ya ujana wao."

Mwalimu Mkuu alirudia maelezo yake mara tatu. Mara ya tatu Torsten aliyaandika katika daftari lake, chini ya kichwa cha habari "Unyenyekevu", kisha akatangaza kwamba watakaosafiri ni wanamuziki wenyewe.

"Na mimi je?" aliinuka Lombe. "Mimi ni mpwa wao."

Hapo Mwalimu Mkuu angeweza kumkana na kumkabidhi kwa polisi. Amewahi kuchapa kwa makosa madogo zaidi. Lakini, na hili linaniuma kuliandika, alitamani mno kuiona Hamburg.

"Ni kweli," akasema. "Ni mpwa wetu, na amejitangaza mwenyewe mbele ya kanisa. Mjomba akifa, mpwa hurithi. Mjomba akiwa hai, mpwa hubeba mizigo."

Ndivyo Lombe alivyofika uwanja wa ndege wa Ndola, akiwa amebeba gitaa, ndoo, na kikapu cha jogoo, ambaye maofisa walimkataa.

"Mtunze," Mwalimu Mkuu alimwambia, maana tiketi zilikuwa mbili tu. "Kanda ya pili itamhitaji."

Sokoni, Bana Kapya alimkatia Lombe pembe moja ya meza iliyokuwa yake, akamwuliza kama theluji imeyeyukia njiani.

Na huko Hamburg watu mia tatu walijaa ukumbini kumsikia yule binti wa miaka saba. Mwalimu Mkuu aliwaeleza habari za betri. Wakapiga makofi. Akawaeleza tena, kwa ufasaha zaidi. Wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Ndipo, kwa kuwa mtu mzima hawezi kusimama jukwaani bila kazi, alipojibana pua akaimba, na nasikitika kusema kwamba aliimba vizuri sana.