Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Umefika? Kumbe njia bado unaijua! Tangu mvua zilizopita hujakanyaga hapa, mdogo wangu, na ukipigiwa simu unasema mtandao unasumbua. Mtandao gani huo unaokusumbua wewe peke yako? Haya, kaa. Nimekuandikia humu daftarini yote uliyoyakosa, kwa hizi herufi zangu nilizojifunzia kwenye pakiti za sabuni. Ukicheka mwandiko, chai hunywi.

Habari kubwa. Mjukuu wangu, yule binti wa maabara, amepata kazi ng'ambo! Hospitali nzima imemtaka yeye. Nimepiga vigelegele mpaka kuku wa watu wakaparamia ukuta. Asante Mungu.

Tatizo ni yule kijana wa chumba cha nyuma. Nilikwambia ni mpangaji. Si mpangaji. Ni mkwe, ila ndoa bado. Usigune! Ningewaambia nini mashangazi wa Mjukuu? Kijana ndiye aliyeziba paa. Ndiye anayenikanda miguu nikirudi sokoni, na hasemi imevimba. Mjukuu ameapa kwamba bila yeye haendi.

Ubalozi unasema wenza wasio na ndoa wanaweza kwenda pamoja, mradi waonyeshe kwamba wanaishi kama mke na mume. Miaka minne nimeficha mpaka jasho likanitoka. Sasa wanataka ushahidi!

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa msajili wa ndoa. Peke yangu, nisisumbue watoto. Karani akauliza bibi harusi yuko wapi. Kazini. Na bwana harusi? Kazini pia. Akauliza sasa anayeolewa ni nani. Foleni nzima ikaangua kicheko, na mzee mmoja akasema yeye yuko tayari. Nikamwambia akachane nywele kwanza.

Isitoshe, tangazo lazima likae ukutani wiki tatu, kisha ndipo zianze karatasi za ubalozi. Muda huo hatuna.

Mjukuu akapata habari. Akasema hataolewa kwa kukimbizana na viza. Ataolewa siku yake, kwa raha yake, na mimi nitakaa kiti cha mbele. Nikamtukana kidogo. Kisha nikaingia jikoni nikalia. Kumbe kiti changu ameshakipanga!

Alhamisi, 6 Juni

Hawana picha hata moja wakiwa pamoja. Nani wa kulaumiwa? Si mimi. Mimi nilikuwa nikimwambia tu kijana asogee pembeni, kila sherehe, akashike sahani.

Nimepata akili. Kijana yuko mapumziko leo, Mjukuu karudi mapema kula. Nimemwita mpiga picha atupigie sikukuu za kuzaliwa nne kwa mkupuo. Kila mwaka na mapazia yake, kila mwaka na nguo zake. Mjukuu nilimwambia ni picha za kumbukumbu. Kazi ilikwenda safi! Ila nilipokuwa nakimbilia kutundika pazia la kwanza, nikasukuma dirisha, likamgonga kijana kwenye paji la uso. Tukambandika plasta, tukaendelea.

Jioni tumezitazama. Miaka minne, plasta ileile.

Mjukuu alipoelewa mchezo, akauliza kama nataka waende ng'ambo au waende jela. Zimefutwa zote. Kijana, na nundu yake usoni, akanishukuru kwa kuhangaika. Mtoto wa watu! Mungu amzidishie, maana mimi ningegomba.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya. Simu imelia. Sauti ya adabu, afisa wa ubalozi. Ameuliza yule kijana anayeishi hapa ni nani kwa mjukuu wangu.

Mdomo ukajijibu wenyewe. Mpangaji! Chumba cha nyuma! Kijana mtulivu, kodi hacheleweshi! Nikaongeza kwamba wao wawili husalimiana tu. Ndivyo nilivyosema. Husalimiana tu!

Alasiri Mjukuu akaambiwa ombi la mwenzake lina mashaka. Walete mtu mwingine anayewafahamu, kabla ya wiki kwisha. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Amekaa mezani anatafuta maneno ya kuiambia hospitali kwamba haji. Kijana anamwambia nenda wewe, mimi nitafuata. Yeye anatikisa kichwa. Mimi niko jikoni, nimeshika sufuria tupu, sijui nilitaka kupika nini.

Jumanne, 11 Juni

Nani anajua kila kinachopita mlangoni kwetu? Redio. Unamkumbuka, fundi cherehani wa nyumba ya mkabala. Jicho la mwanamke yule halipepesi.

Mwaka jana alitangaza kwamba mjukuu wangu anakaa na mwanamume bila ndoa. Nilimburuta hadi kwa wazee wa mtaa, akaapa mbele yao hatarudia uzushi ule. Leo nimekwenda kumwomba aurudie.

Alinikalisha kwenye kigoda, akaendelea kukanyaga cherehani. Akasema hanisikii, mashine ina kelele. Nikapaza sauti. Akasema bado. Nikapiga ukelele kwamba wanalala chumba kimoja, tena kitanda kimoja! Wateja wote wakageuka. Akaacha kukanyaga. Akasema, ala, kumbe.

Nikangoja anifukuze. Akasema yeye ndiye aliyemshonea mtoto yule sare yake ya kwanza ya shule, na mtoto hatakosa kazi kwa ajili ya vikongwe wawili. Nikamwambia kikongwe ni yeye. Akanimiminia chai. Nimeinywa yote. Ilikuwa tamu, mwanamke mbaya yule!

Alhamisi, 13 Juni

Ubalozini. Redio kavaa gauni lake la kuendea harusi za watu, kanukia mpaka mlinzi kapiga chafya.

Afisa akamwuliza anawafahamuje. Lo! Kaanza na siku godoro lilipoingia: nani alishika wapi, nani alitukana lilipokwama mlangoni. (Mimi.) Kaeleza Mjukuu alipougua, kijana akambeba mgongoni hadi zahanati, kandambili moja ikabaki njiani. Kaeleza waligombania chumvi, wakapatana uani wakidhani hakuna anayeona. Mjukuu alitamani sakafu impokee.

Kisha akasema bibi huyu ameudanganya mtaa mzima, na mtaa mzima ukamwitikia kwa heshima. Nikaruka kwenye kiti. Walijua? Wote? Akasema wote, hata mwuza mkaa. Miaka yote hiyo wananiuliza mpangaji hajambo, mimi najibu hajambo!

Afisa akanigeukia. Kwa nini nilimdanganya? Nikasema ni kwa sababu ya mashangazi. Akasema hata yeye anao. Akamwambia Redio imetosha, mama. Redio akasema bado hajafika mwaka wa pili.

Jumatatu, 24 Juni

ZIMETOKA! Viza zote mbili! Nimemkumbatia kijana, Mjukuu, mleta habari, na Redio. Redio nimemkumbatia mara mbili, mara ya pili kwa bahati mbaya.

Jumapili, 30 Juni

Wameondoka. Asubuhi kijana alinikanda miguu, taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza. Akaniita Bibi mbele ya mashangazi, nami sikumkatiza. Uwanja wa ndege Redio alilia mpaka akaninyang'anya kilio changu. Nyumba ni kubwa ghafla. Lakini wako pamoja, mdogo wangu. Nikilala nasema asante, nikiamka nasema asante.

Mjukuu ameniachia agizo. Simu yoyote ya ubalozi ikija, niseme ukweli mtupu. Nimekubali. Ila nimefikiri: viza hiyo itafika siku ya kuongezwa muda, na safari hii sitabahatisha. Wakipiga, nawaambia ndoa ilifungwa zamani sebuleni kwangu, na watoto wapo, mapacha. Redio ameshachagua majina.

Kwa hiyo ukija tena, usije mikono mitupu. Lete nguo za watoto wachanga, jozi mbili za kufanana, tuzianike kambani. Zisiwe mpya. Zipakaze uji kidogo kifuani.