Utepe wa Noelene

Jumatatu, 6 Machi 2023
Siku kumi na mbili kabla ya maonyesho ya kilimo ya mji wetu, Mullabah. Picha nilizonazo: hakuna. Lenzi ya kamera: ina kuvu. Nimeimulika kwa tochi jikoni. Nyuzi nyeupe ndani kabisa, kama mizizi ya kitunguu. Mke wangu Noelene alininunulia siku nilipostaafu kusoma mita za maji. Siitupi!

Mwaka wa tisa huu nashindania kitengo cha picha. Mara nane nimekuwa wa pili. Mara nane utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, umekwenda kwa Glenys Pascoe, mjane wa ng'ambo ya barabara, tena kwa kamera ya simu. Marehemu mke wangu alikuwa na tepe kumi na moja, zote za keki. Kule hospitali aliniambia wangu utakuja. Nikamwahidi kwamba siku ukija nitampelekea. Tangu tumzike sijarudi kaburini kwake. Miaka mitatu. Nitakwendaje mikono mitupu?

Mpango wa mwaka huu: makaburi. Majaji wanapenda huzuni, na huzuni ninayo ya kutosha.

Jumatano, 8 Machi
Makaburini tangu saa moja asubuhi. Nzi hawasemeki. Nimepiga picha safu A mpaka G, halafu I. Safu ya H nimeipita nikitazama viatu. Noelene yuko H.

Nilichopata: malaika asiye na pua, safu ya G. Birika la mchimba dhahabu, limejengewa kwenye saruji. Mbwa aitwaye Luteni, kazikwa pamoja na bwana wake. Nilipokuwa kwa Luteni pete ya kulenga ya lenzi ikakwama. Nikaigonga kwenye buti. Sasa inazunguka, ila upande mmoja tu.

Jioni nimeifungua lenzi mezani. Nimefuta kuvu kwa siki na kufunga tena. Imebaki skrubu moja. Haionekani kuwa ya muhimu.

Ijumaa, 10 Machi
Ilikuwa ya muhimu. Kila kilicho upande wa kulia kinaonekana kama kiko chini ya maji.

Lakini hilo dogo. Leo nimezitazama picha za juzi kwenye kompyuta. Jiwe la kaburi la Ron Pascoe, mume wa Glenys. Chini ya jina lake: Glenys, mkewe mpendwa, 1951, kistari, halafu 2023. Nikamwaga chai. Nikavaa miwani. 2023, hafifu, nyeupe nyeupe, lakini ipo! Wiki tatu zilizopita Glenys aliaga kwamba anakwenda kwa binti yake huko Townsville. Mapazia yake hayajafunguliwa tangu hapo. Wamemchoma na kuzika majivu tu, bila shaka, ndiyo maana sikuona udongo mpya. Na hakuna aliyeniambia.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Jambo la kwanza nililowaza ni utepe. La pili pia. La tatu ndilo lilikuwa kumsikitikia Glenys. Nimeona aibu, ingawa si ya kunizuia kula.

Jumamosi, 11 Machi
Nimebandika kadi ya rambirambi kwenye ubao wa duka la mikate. Dot, mwenye duka, kalia hadi kaunguza mikate. Kaniuliza nani kaniambia. Nikasema nimeona jiwe kwa macho yangu. Hakuuliza zaidi.

Mji huu mtu akifa, tunapeleka chakula. Hata kama nyumbani hakuna mtu. Hadi saa tisa alasiri kibaraza cha Glenys kilikuwa na sufuria saba za nyama ya oveni na mbili za supu ya maboga. Mimi nimepeleka viazi vya kuoka kama alivyokuwa akipika Noelene. Vyangu vimeungua.

Alhamisi, 16 Machi
Hodi mlangoni. Nikafungua. Glenys! Mkononi kadi yangu, miguuni sufuria ya viazi, na harufu usiseme.

"Merv, hebu nisaidie," akasema. "Mimi nimekufa lini?"

Nikamleta kwenye kompyuta. Akasogeza pua karibu. Akasema hiyo si tarehe, ni uchafu, na akaniuliza ninasafishia nini kamera. Alipomzika Ron, fundi alimpunguzia bei ili achonge majina mawili kwa mkupuo. Nusu ya Mullabah majina yao yako kule tayari, yanangoja mwaka tu.

"Na wewe umo," akasema. "Safu ya H, chini ya Noelene. Ungekuwa unakwenda, ungekumbuka."

Nilikumbuka. Fundi yule yule, bei ile ile. Nikamuuliza kama ameshapeleka picha yake ya mashindano. Akasema bado, hata hajafikiria. Na kesho ndiyo mwisho wa kupokea! Moyo ukapata nafuu ghafla.

Mchana nikarudi kwa malaika kujaribu mara ya mwisho. Nilimwona Glenys kwa mbali, kwenye kaburi la Ron, simu mkononi. Nikadhani anazungumza na binti yake.

Jumamosi, 18 Machi
Maonyesho. Malaika wangu kashika nafasi ya tatu. Ya tatu! Ya pili ng'ombe.

Utepe wa buluu: Glenys. Picha yake: mzee kalala kifudifudi kwenye nyasi, makalio juu, analenga malaika wa watu. Nyuma ya buti zake, hatua nne tu, jiwe jeusi. Noelene Tuckwell. Chini yake Mervyn, 1955, kistari, kisha patupu. Kila herufi inasomeka.

Nilisimama pale hadi Dot akanishika mkono. Nililia mbele za watu.

Glenys aliubandua utepe akanitilia mfukoni. "Mpelekee," akasema. "Mimi nimebonyeza tu."

Jumapili, 19 Machi
Nimekwenda. Shati la pasi, utepe mfukoni. Nikafika hadi mwanzo wa safu ya H. Nikaliona jina lake.

Hapo hapo kivuli cha mkaratusi kikamwangukia malaika usoni na kumrudishia pua! Kamera nilikuwa nayo, ndiyo. Nikalala chini. Pete ikakwama. Nikaigonga. Kioo cha mbele kikadondoka nyasini. Nimekitafuta saa nzima kwa magoti, mgongo wangu kwa Noelene, mpaka mlinzi akaja kufunga lango.

Utepe bado uko mfukoni. Kihalali si wangu hata hivyo. Nimeagiza lenzi nyingine, muuzaji kaapa ina kuvu kidogo tu. Mwakani nitampelekea niliouchuma mwenyewe. Na Noelene hayuko peke yake kule. Jina langu liko naye.