Waruguru Atasema kwa Niaba Yangu

Jumatatu, 10 Februari

Sijamwambia mtu yeyote: nimemwandikisha binamu yangu Waruguru kuhutubia mkutano, naye hajui.

Mkutano ni Alhamisi, Ruiru. Wataalamu wa Kenya, Uganda na Tanzania wataandika pendekezo moja kuhusu damu inayochukuliwa kwa utafiti wa jeni na kupelekwa nchi jirani. Vijana wawili watasema. Nafasi moja niliiomba mimi, kwa sababu ya Cucu, nyanya yangu. Alitolewa damu hapa Kiganjo, akaambiwa ni ya kupima sukari. Baadaye tukasikia imepelekwa ng'ambo ya mpaka kwa utafiti. Hadi leo huuliza imefika wapi, kama anayeuliza habari za mtoto aliyesafiri.

Hotuba nimeandika. Kuisoma siwezi. Niliwahi kusoma matangazo kanisani, na watu wakakosa harusi kwa sababu hakuna aliyesikia tarehe.

Waruguru huuza viatu sokoni Gitothua. Sauti yake inatosha nchi zote tatu.

Jumanne, 11 Februari

Nafasi ya pili ni ya Eddie, tuliyemaliza naye kidato cha nne. Anataka watafiti wasisumbuliwe na kuomba ruhusa kila mara. Tumekutana dukani. Amesema atanisikiliza kwa makini, ila kwanza atafute kifaa cha kusaidia kusikia. Duka zima limecheka. Nimemjibu vikali, nikiwa nimeshafika nyumbani.

Jumatano, 12 Februari

Nimempigia Waruguru. Nimesema kesho kuna kuku wa bure Ruiru. Ameuliza kama kuna kazi yoyote. Nimesema hakuna, ni kukaa tu.

Kisha, ili kumwandaa, nimeuliza angejisikiaje damu yake ikipelekwa Kampala bila yeye kuulizwa. Ameuliza kama nimekula.

Alhamisi, 13 Februari

Mwenyekiti, Daktari Ndunge, aliita jina la Waruguru. Waruguru akaniangalia. Nikaangalia feni. Nikamsukumia karatasi.

Alisimama akasoma sentensi ya kwanza: mtu asiingizwe katika jambo bila kuulizwa. Akaisoma tena, polepole, macho yakiwa kwangu. Iliyobaki aliisoma kimya, ukumbi mzima ukingoja.

Kisha akakunja karatasi. Akasema yeye aliambiwa kuna kuku, na amejikuta mbele ya madaktari. Sasa anajua Cucu anavyojisikia, tofauti ni kwamba Cucu hakupewa hata chakula. Watu wakacheka, halafu wakaanza kuandika.

Pendekezo limeandikwa: damu isivuke mpaka wa nchi kabla mwenyewe hajaulizwa, kwa lugha anayoielewa. Hata Eddie aliinua mkono kuunga. Nilitaka kulia.

Nje, Waruguru aliniambia, "Ngina, siku nyingine niulize, wewe msichana." Niliahidi kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 15 Februari

Jana jioni nilimwambia Cucu kuhusu pendekezo. Akauliza kama sasa damu itarudi.

Daktari Ndunge ameandika. Pendekezo litatetewa Kampala mwezi ujao, na anataka msemaji kutoka familia yetu. Asipopatikana, sentensi yetu ya mtu kuulizwa kwanza inaweza kuondolewa.

Nimetimiza ahadi. Nimemuuliza Waruguru. Amekataa kabla sijamaliza swali. Hilo ndilo tatizo la kuuliza.

Kwa hivyo nimetuma jina la Mama. Kitambulisho chake nimekipiga picha akiwa jikoni. Ni kwa ajili ya haki za watu wote wa kanda hii, na Mama hupenda kusafiri, nadhani. Nitamweleza tukifika mpakani.

Wewe unayesoma hapa, tafadhali usimwambie. Atakataa.