Mdiria, Bata na Sasisho la Kamera

Jumatatu, 11 Novemba

Picha mia tatu na kumi na mbili. Mdiria mmoja. Na ndege mwenyewe haonekani hata katika moja!

Matete yanaonekana, tena vizuri mno. Kila mshipa wa jani. Katikati kuna doa la buluu, kama mtu amepangusa brashi ya rangi. Ndiye huyo mdiria wangu, akipiga mbizi kwenye bwawa la Kurumizawa saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mbele ya wazee kumi na wanne wenye lenzi kama mizinga.

Jirani yangu wa kushoto pale bwawani, Daktari Nukaga, kalipata jicho. Jicho lenyewe! Na samaki mdomoni. Nukaga kawang'oa meno watu wa mtaa huu miaka arobaini. Sasa amestaafu, anatung'oa roho. Kamera yake ni ileile kama yangu, lenzi ileile, tulinunua wiki moja. Miaka mitatu mfululizo picha yake ndiyo imepamba kalenda ya kata. Na mimi, Orikasa Teizo, mkaguzi wa lifti mstaafu, mtu ambaye nusu ya Tokyo imepanda na kushuka salama kwa saini yake, sijapata hata Februari.

Akainama kutazama skrini yangu bila kukaribishwa. Akasema kwa upole kwamba matete yametoka vizuri. Upole wake ndio unaoniua.

Mwaka huu lazima. Picha zinapokelewa hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni. Jumamosi wanakausha bwawa kulisafisha, na mdiria atahama zake.

Mchana, nyumbani: ugunduzi! Watengenezaji wa kamera wametoa sasisho leo leo asubuhi. Wanasema programu ya ndani imeonyeshwa maelfu kwa maelfu ya picha za ndege, mpaka imelijua jicho la ndege lilivyo, hata likiwa dogo, hata likionekana kwa ubavu, hata bawa likilifunika kidogo. Ikishalishika, haidanganyiki na matete tena. Inakisia ndege anakokwenda na kutangulia kumngoja. Chuma kilekile, kioo kilekile, akili mpya. Na ni bure.

Nukaga hufungua kompyuta Jumapili tu, mkwewe akija kumsaidia. Kwa hiyo hajui.

Jumanne, 12 Novemba

Nimewaza usiku kucha. Je, akiambiwa na mwingine? Dawa ni moja: nimwambie mimi mwenyewe, kwa namna yangu.

Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa yangu. Nikashusha sauti kama niko msibani. Nikamwambia limetoka sasisho, alikimbie kama ukoma. Linaua kamera. Skrini inakuwa nyeusi, na haifufuki.

Nukaga aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema watu wa aina yangu wameadimika siku hizi, kwamba mwingine angenyamaza amwache mwenzake aumie. Akatoa kijitabu, akaandika. Nilisikia haya. Sekunde nne hivi.

Nyumbani nikalishusha sasisho kwenye kadi ya kumbukumbu, nikaichomeka kadi kwenye kamera. Kamera ikakataa! Inataka betri iliyojaa, isije ikazimika katikati ya kazi. Yangu ilikuwa nusu. Basi kesho. Mke wangu Fumie aliuliza kwa nini naimba huku nachaji betri. Nikamwambia ni furaha ya uzee.

Jumatano, 13 Novemba

Mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyopanga. Vizuri mno.

Kabla sijafungua hata stendi, Hirotsu akanivamia. Hirotsu alikuwa fundi wa tofu, jibini la soya, na mdomo wake hauna kifuniko. Akaniambia: "Ndugu yangu, we umelala? Hujasikia sasisho linavyoua watu?" Nikajifanya hamnazo. Akasema kuna mzee huko mjini Nagoya, kamera yake imetoa moshi, na kidole kimeungua mpaka hospitali. Akasema mwingine huko Sendai kamera ilimpasukia usoni. Wazee sita wameapa kutogusa kitu. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Moyoni nilicheka hadi mbavu zikauma.

Halafu, njiani kurudi, kicheko kikaanza kupoa. Nagoya? Mimi sikusema Nagoya. Wala sikusema moshi. Mimi nilisema skrini nyeusi tu. Kidole kimetoka wapi?

Mtu mmoja hawezi kuzua jambo kubwa namna hii peke yake. Lazima kulikuwa na mbegu ya ukweli, nami nikaiotea bila kujua.

Betri imejaa. Kadi imo. Nimekaa mbele ya kamera saa nzima, kidole juu ya kitufe. Sikubonyeza.

Nikapiga simu kwa watengenezaji. Binti mwenye adabu nyingi akaniambia hawajapokea taarifa yoyote ya moshi. Nikamuuliza kuhusu kidole cha Nagoya. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kidole changu kiko salama. Wanaficha! Mtu asiye na siri hanyamazi.

Fumie alisikia yote kutoka jikoni. Akauliza kama si mimi niliyemwambia Daktari habari hizo jana. Nikamjibu kwamba hilo ni suala jingine kabisa.

Alhamisi, 14 Novemba

Imebaki leo na kesho. Nikapiga moyo konde.

Tahadhari zilizochukuliwa: kamera ndani ya beseni la kuogea, kavu. Taulo mbichi kando. Mimi nimevaa glavu za oveni na kofia yangu ya kazini ya zamani. Madirisha wazi. Tatizo: kwa glavu za oveni huwezi kubonyeza kitufe kidogo vile.

Fumie alisimama mlangoni na kijiko mkononi. Akasema miaka arobaini na moja ya ndoa ameona mengi, ila mtu anayekimbia uongo wake mwenyewe ndiyo mara ya kwanza. Nikamwambia arudi nyuma, ni hatari. Akasema, "Baba, mchuzi unapoa." Akanipita, akainama, akabonyeza. Hivi hivi! Kwa kidole kitupu!

Mstari ukaanza kusogea. Asilimia kumi. Arobaini. Nilikuwa nimefumba macho. Tisini. Kamera ikazimika, nikapiga ukelele. Ikawaka yenyewe. Hakuna moshi. Fumie alikuwa ameshakwenda kupakua chakula.

Nikaipeleka barazani. Shomoro alikuwa kwenye waya wa nguo za jirani. Nikainua kamera, na hapo... niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Kiboksi kidogo kilitokea juu ya jicho la shomoro, kama kidole cha mtu anayekuonyesha kitu. Shomoro akageuka, kikageuka naye. Akaruka, kikaruka naye. Akapita nyuma ya shuka la jirani na kutokea upande wa pili, na kiboksi kilikuwa kinamngoja palepale. Nilitokwa na machozi kidogo. Miaka mitatu nilidhani mikono yangu imezeeka.

Kamera ikaniuliza pia: ikishashika kitu, iking'ang'anie kiasi gani, moja hadi tano? Swali la kitoto. Tano!

Ijumaa, 15 Novemba

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa bwawani. Wenzangu walifika mmoja mmoja, wamenuna. Habari zimeendelea kukua: sasa wanasema hata asiyesasisha yuko hatarini, ugonjwa unaingia kwa ile mashine ya ndani inayolenga yenyewe. Nukaga ameizima kabisa. Analenga kwa mkono, kwa kuzungusha lenzi, kama zama za babu yake! Alikuwa ameukazia macho mti uliosimikwa majini ambapo mdiria hupenda kutua, akasubiri. Nilimhurumia. Kweli kabisa nilimhurumia.

Saa mbili na robo, mdiria akaja. Akatua. Kiboksi changu kikadaka jicho. Kinatii kama askari! Nikashusha pumzi. Mdiria akainamisha kichwa, akajirusha. Nikabonyeza, kamera ikarindima, picha ishirini kwa sekunde, na kiboksi hakijaachia.

Ndipo akapita bata.

Sijui alitokea wapi. Mnene, mtulivu, hana haraka na mtu, akikatiza mbele ya lenzi yangu. Na bata ni ndege. Na bata ana jicho, kubwa tena karibu. Kamera ikalidaka. Na kwa kuwa nilikuwa nimeiambia ing'ang'anie tano, iling'ang'ania. Mdiria akazama. Akaibuka na samaki, matone yanamwagika kama shanga. Kamera haikujali. Niliizungusha, nikaitikisa, nikaitukana. Ilimfuata bata mpaka ng'ambo ya bwawa.

Picha mia mbili na sitini za bata. Kali kama wembe. Unaweza kumhesabia kope.

Upande wa kushoto nilisikia mlio mmoja tu. Nukaga alipiga picha moja. Mdiria hewani akirudi kwenye mti wake, samaki mdomoni, mbawa wazi. Moja! Kisha akanigeukia, macho yamemlowa, akasema bila mimi angekuwa amesasisha, angelala usingizi na kuiachia mashine kazi.

Saa kumi na dakika hamsini nikapeleka bata. Sikuwa na kingine.

Jumapili, 17 Novemba

Maonyesho, ukumbi wa kata. Nukaga wa kwanza. Ukurasa wa Januari na jalada!

Akapewa kipaza sauti. Akasema ushindi huu si wake peke yake. Akanitaja jina. Akasimulia jinsi nilivyommiminia chai na kumwonya, mpinzani wake mwenyewe. Watu wakasimama kupiga makofi. Hirotsu alinipiga mgongoni hadi nikakohoa, akasema, "Mzee una roho ya dhahabu, ulikuwa unaificha wapi siku zote?" Fumie hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama tu.

Bata wangu hakushinda. Lakini afisa wa bustani alinifuata na kuomba ruhusa ya kumtumia. Wametengeneza tangazo tayari, litabandikwa nguzo zote za bustani: USILISHE BATA MKATE. Jina langu liko chini kwa herufi ndogo. Nimeruhusu.

Nyumbani, Fumie alipovua viatu tu, akasema niende kwa Daktari, nimwambie ukweli, la sivyo ataenda yeye.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda. Nilifanya mazoezi ya maneno yangu tangu kona ya posta. Nilikuwa tayari, naapa.

Nukaga alifungua mlango mwenyewe, akanikalisha, akaleta matunda ya kaki yaliyomenywa. Nikafungua mdomo. Akanitangulia. Akasema kuna jambo hajamwambia mtu: ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tangu kiangazi amekuwa akipiga picha kwa kuitegemea kamera, yeye mwenyewe huona kama aliye ndani ya ukungu. Ijumaa alilenga kwa mkono akijua pengine ni mara yake ya mwisho. Mwezi ujao anafanyiwa upasuaji. Akasema anaogopa, na hana rafiki mwingine wa kumweleza.

Nikamwambia nitampeleka hospitali mwenyewe na kumrudisha, na nitamsomea magazeti. Nilimaanisha kila neno. Nikala kaki tatu kwa majonzi.

Kisha akauliza, kama mtoto, kama nadhani atarudi bwawani mapema, maji yakisharudishwa.

Sijui nini kilinipata. Nikashusha sauti. Nikamwambia nimesikia kwamba mtu aliyepasuliwa macho hapaswi kutazama maji yanayomeremeta miezi miwili, ikiwezekana mitatu, hadi maua ya cheri yatoke. Akaushika mkono wangu kwa mikono miwili. Akaandika kwenye kijitabu. Akasema atawaonya na wenzetu wote.

Miezi mitatu! Upande wa kushoto mtupu!

Nimerudi nikipitia bwawani. Wanalikausha bado, kuna maji kidogo katikati, na jua la mchana lilikuwa limeyapiga. Nilipoyatazama macho yalianza kuwasha. Nikasugua. Yakazidi. Nimenunua miwani nyeusi dukani kwa tahadhari. Pengine kuna ukweli ndani yake.