Waya wa Dishi na Mahari ya Zawadi

Jumatatu, 28 Julai
Nimeteuliwa! Mwanangu Simoni amepiga simu kutoka Muyinga. Jumamosi wanakuja kumposa mjukuu wangu Zawadi, na msemaji wa upande wetu ni mimi. Mimi! Niliondoka nchi hii mtoto, nimeshika upindo wa mama. Nikakulia kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu, nikarudi na mvi. Tangu nirudi sijawahi kuusemea ukoo hata kwenye ubatizo.

Magari hayana mafuta, goti langu halina subira. Nitasema kwa video kutoka hapa Gitega. Simoni ameonya kwamba nikikatika, atasema mdogo wangu Eliud. Eliud! Mtu anayehutubia mpaka anasahau alisimama kusema nini.

Jioni, jaribio. Uso wa Simoni ulivunjika vigae, kisha kiduara kikazunguka. Ruta ya intaneti iko sebuleni, chumba changu cha vitabu kiko nyuma, na kuta zetu ni nene. Krismasi Simoni alipitisha intaneti hadi chumbani kwa waya mweusi wa dishi la zamani, na kijisanduku kila mwisho. Ilikuwa inakimbia. Sasa inatambaa.

Mke wangu Melania kauliza kwa nini nisikae sebuleni, kando ya ruta. Nimemweleza: sebuleni nyuma yangu itaonekana kalenda ya muuza mbolea. Chumbani, vitabu. Kasema wakwe hawaji kuoa vitabu.

Jumanne, 29 Julai
Nimegundua! Waya una mdomo mmoja tu. Ulyankulu tuliteka maji kwenye bomba la mdomo mmoja na foleni haikuisha. Walipoweka midomo minne, raha. Nikaenda kwa jirani yangu Radjabu, muuza televisheni. Akanipa kigawanyio chenye midomo minne. Kaapa kwamba, muzee, hii iko nguvu, ilitoka Dubai.

Nimefunga. Intaneti imekuwa ya kobe.

Nikamwita Radjabu. Kaangalia, kakuna ndevu, kasema midomo mingine iko inalala bure, ndiyo maana. Basi mmoja nikaufungia televisheni ya jikoni. Kobe sasa kalala. Melania anatazama televisheni akimenya mihogo na hana malalamiko yoyote.

Alhamisi, 31 Julai
Ushindi! Radjabu ameniletea kikuza mawimbi, kisanduku cha bati chenye taa nyekundu. Kasema waya wangu ni mzee kama mwenyewe, unahitaji kusukumwa. Nikasamehe maneno, nikafunga bati.

Ajabu! Muyinga imeingia chumbani! Nimeona vinyweleo vya pua ya Eliud. Simoni aliuliza mara kadhaa kama nipo, eti haoni kitu kinachotikisika, hasikii. Nilimjibu vizuri kila mara. Kijana huyu apimwe macho, na masikio pia.

Ijumaa, 1 Agosti
Hotuba imeiva. Inaanza na kilima chetu, inapita njia tuliyokimbilia, inafika kwa Zawadi, aliyezaliwa nyumbani, si ukimbizini. Nimeisoma mbele ya Melania. Alifuta macho. Akasema ni kitunguu.

Eliud kapiga simu. Kasema kaka, mimi koti nimeshalipiga pasi, ikitokea bahati mbaya usione haya. Nimemwambia alikunje.

Jumamosi, 2 Agosti
Siku yangu! Koti, fimbo, vitabu nyuma. Upande wa bwana harusi alisema mzee Fabiano, mtu mpole wa sauti nzito. Kaomba mke, kataja ng'ombe. Nikajibu. Nilisema jinsi sijawahi kusema! Kwenye njia tuliyokimbilia nikagonga fimbo sakafuni.

Nikashangaa Fabiano ananikatiza. Kaongeza mtamba! Nikaendelea. Kaongeza vitenge vya bibi! Ufasaha wangu unawatikisa! Eliud akasimama kusema kitu kuhusu mtandao. Fabiano akamwambia keti, shemeji, usimfichie kaka yako hasira. Sikuelewa. Nikamwona Zawadi analia, nikajua hotuba imemgusa. Bwana harusi akawanong'oneza wenzake, wakaanza kuinuka. Nikamaliza kwa kuinama. Vigelegele! Wakaketi! Pombe ya ndizi ikamiminwa!

Kisha Zawadi akapiga simu.

Babu, kasema, ulitaka kuniua? Kumbe picha yangu iliganda tangu mwanzo: unyusi mmoja juu, mdomo umefungwa, kimya. Nawasikia, wao hawanisikii. Na kwetu mzee akinyamaza kwenye posa, hajaridhika. Kila walichoongeza, mimi unyusi juu. Walikuwa wanaondoka, na mchumba wake kashika kofia. Ndipo picha ikaruka mara moja tu: kichwa changu kikainama. Wakasema, mzee amekubali.

Kwa hiyo hotuba imesikilizwa na vitabu. Kilima, njia, yote. Nimeikunja, nikaichomeka kati ya vitabu viwili.

Jumapili, 3 Agosti
Melania kang'oa vyote, kigawanyio na bati. Kaomba radhi: wiki mbili nyuma alisogeza kabati, ncha ya waya ikalegea. Kaikaza kwa vidole. Intaneti inakimbia kuliko Krismasi. Nilimwona Simoni, naye akaniona, akasema baba, umenyoa? Akaeleza kwamba bati lilikuwa linasukuma upande mmoja tu: kuja kwangu, si kwenda kwao.

Kisha habari. Muyinga yote inasema kuna mzee Gitega ambaye neno lake ni zito mpaka halitoki. Fabiano kanisifu mbele ya Eliud! Na binamu yangu Damiano wa Bukirasazi anaomba niwe msemaji wa binti yake mwezi ujao. Bukirasazi ni karibu. Goti lingefika, na hotuba ningeitoa nimesimama mbele ya watu.

Nimemwambia nitakuwepo kwa video.

Bati nimelifunga tena. Ncha nimeilegeza kidogo. Radjabu ananitafutia kigawanyio cha midomo minane, na mbele ya kioo najizoeza kuinua nyusi zote mbili.